Kabla Hujailaani DS: Nyuma Yake Kuna Maandamano, Majoho na Wanafunzi Waliotimuliwa

Kila mwaka ni stori ile ile. Mtu kapangiwa Mlimani kusoma uhandisi, kichwani ana hesabu na kompyuta tu, halafu anafungua ratiba anakutana na DS, yaani Taaluma za Maendeleo. Umaskini, ukoloni, uchumi, siasa, jamii, vyote kwenye kapu moja, na ni lazima. Swali la kwanza: hii inanihusu nini? La pili huja baada ya matokeo, mtu akiwa ameshika sapu.

Kumbe somo hilo limetokana na ugomvi mkubwa, tena uliofika hadi Ikulu.

Chuo kilianza Oktoba 25, 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 na fani moja tu, sheria. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia kule kilimani. Wasomi walikuwa wachache mno, kwa hiyo aliyemaliza alijua kabisa kwamba ofisi na mshahara mnono vinamsubiri.

Mwaka 1966 serikali ikaja na jambo lake: wahitimu wote waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Kambini wangekaa miezi michache, kisha muda uliobaki wangefanya kazi zao huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanachuo wakawaka. Oktoba 22 wakavaa majoho yao na kuandamana hadi Ikulu. Kwenye mabango kulikuwa na ujumbe kwamba hata enzi za mkoloni zilikuwa afadhali.

Hapo ndipo walipoharibu. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akalipuka. Wanalilia mishahara wakati mkulima anayewasomesha hana kitu? Akatangaza palepale kwamba anaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wao wakarudishwa makwao chini ya ulinzi. Zaidi ya vijana 300 wakawa wamefukuzwa kwa siku moja. Wengi walirudishwa baadaye, lakini swali likabaki linaning'inia: chuo kinatengeneza watu gani?

Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata wahadhiri na viongozi wakakutana palepale chuoni kujadili kazi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Moja ya mawazo yaliyopata nguvu ni kwamba mwanasheria asijue sheria tu, na mhandisi asijue madaraja tu. Kila mmoja, fani yoyote, asome kozi ya pamoja inayochanganya historia, uchumi, siasa na jamii, ili ajue anamjengea nani hilo daraja. Kozi hiyo ndiyo iliyokua ikawa DS, na mwaka 1973 ikapewa taasisi yake kamili, IDS.

Mpaka hapo unaweza kusema serikali ilishinda. Subiri kwanza.

Kipindi hichohicho Mlimani palikuwa pamechemka. Alikuwepo mwanahistoria kijana kutoka Guyana, aliyekuwa akijaza kumbi kwa mihadhara kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Alikuwepo mwanafunzi kutoka Uganda aliyeongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, yule ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi yake. Vijana hao walikuwa na madarasa yao ya itikadi kila Jumapili, bila maksi wala cheti. Wengine wanalala, wao wanabukua! Mwishoni mwa 1969 wakaanzisha jarida, wakaliita Cheche.

Sasa ukimfundisha mtu kuuliza nani ananufaika na nani anaumia, huwezi kumpangia aishie kuuliza kuhusu wakoloni tu. Cheche ilianza kuuliza kuhusu ujamaa wenyewe, kama kweli ni ujamaa au ni maneno. Mwaka 1970 jarida likapigwa marufuku, na umoja wao pia ukafutwa.

Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, kijana kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi kumkosoa Makamu Mkuu wa Chuo. Askari wakaingia chuoni wakamchukua, akarudishwa kwao. Wenzake wakagomea masomo.

Angalia tofauti. Wale wa 1966 waligomea mshahara wao. Hawa wa 1971 waligoma kwa ajili ya mwenzao na haki ya kusema, na hapakuwa na senti hata moja ya kugawana. Katikati ni miaka mitano tu. Si kozi peke yake iliyowabadilisha, lakini wote walipita kwenye chuo kilichoamua kwamba fani moja haitoshi. Serikali ilitaka wasomi wa kuitumikia jamii. Ikawapata, ila walikuja na maswali yao, na maswali hayo hayakuwa kwenye ratiba.

Ujamaa umeshapita, ila DS bado ipo na bado ni lazima. Wapo wanaokariri slaidi usiku wa kuamkia mtihani, wakafaulu, wakasahau. Hakuna wa kuwalaumu, GPA nayo ina presha zake. Lakini somo lililowahi kutikisa chuo kizima likigeuka la kukariri, aliyepoteza si mwalimu.

Waliopita DS, hii stori mlifundishwa au ndiyo mnaisikia leo?