Mimba Nje ya Kizazi: Safari ya Kisu Hadi Mbulu na Hanang

Hadi karne ya 19 ikielekea ukingoni, mimba ikitunga nje ya kizazi na mrija ukapasuka, madaktari wengi walikaa kando wakimwangalia mama akiishiwa damu. Mwaka 1883, huko Birmingham, Uingereza, Robert Lawson Tait alifungua tumbo, akaufunga na kuukata mrija, mgonjwa akapona. Mwaka 1973 Shapiro na Adler walieleza jinsi walivyoitoa mimba kama hiyo kwa darubini nyembamba iliyopenyezwa tumboni.

Leo upasuaji huo wa matundu madogo hutumika hata pale mimba ilipojibanza mahali pasipo pa kawaida: kwenye ovari, kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, au kwenye pembe ya kizazi. Pembe ndiyo ya kuogopwa. Nyama yake hutanuka, mimba hukua kwa wiki nyingi zaidi, na ikipasuka damu humwagika kwa kasi.

Wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, zilianzia mbali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyojengwa na wamisionari wa Norway, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1955. Miaka ya 1990 watafiti walipita kaya za wilaya hizi wakiuliza watu habari za dada zao waliofariki. Wakakadiria vifo vya uzazi 362 kwa kila vizazi hai 100,000.

Katika mazingira hayo, upasuaji wa matundu madogo unadai gesi, mtaalamu wa usingizi, umeme wa uhakika na mgonjwa ambaye hali yake bado imetulia. Anayetoka mbali wakati wa masika huweza kufika mrija umeshapasuka. Huyo hufunguliwa tumbo, na ni tiba sahihi kabisa. Kuanzia 1963 Tanzania iliwafundisha madaktari wasaidizi, na hao ndio waliobeba upasuaji wa dharura wilayani. Damu inapokosekana, ipo mbinu aliyoieleza Mjerumani Johannes Thies mwaka 1914: kuchota damu iliyomwagikia tumboni, kuichuja na kumrudishia mwenyewe.

Kwa hiyo mashine za matundu madogo zije, lakini zitangulie barabara, damu na ultrasaundi.

Nawe dada, ukikosa siku zako na tumbo la chini likauma upande mmoja, au ukapata kizunguzungu na maumivu ya bega, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali, uombe kupimwa mimba.