Mugo, shujaa mwenye kubeba siri

Mugo ni muhusika mukubwa wa A Grain of Wheat, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o wa Kenya iliyotoka mwaka wa 1967. Hadisi inapita kijijini Thabai, siku chache mbele ya tarehe 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipata uhuru. Lakini kila mutu anaishi bado na miaka ya vita ya Mau Mau.

Zambi yake
Mugo ni yatima. Anaishi peke yake, anataka tu shamba lake na amani. Usiku mumoja Kihika, mupiganaji aliyetoka kuua afisa Mwingereza, anaingia kwake kujificha na kumuomba asaidie vita. Kwa woga, wivu na hasira, Mugo anaenda kwa mukubwa wa serikali, John Thompson, kumwambia mahali watakutana. Kihika ananyongwa.

Heshima isiyo yake
Kisha Mugo anafungwa juu ya kumutetea mwanamuke aliyekuwa anapigwa na mulinzi kwenye kazi ya kuchimba mufereji. Kambini anateswa, hasemi kitu. Anarudia nyumbani shujaa, na wazee wanamuomba aseme mbele ya watu siku ya uhuru, kwa kumukumbuka Kihika. Hapo njo kila sifa inamuchoma.

Kusema kweli
Wapiganaji wanashuku Karanja, aliyetumikia Wazungu. Mumbi, dada ya Kihika, anamufungulia Mugo moyo wake, na Mugo anamwambia kweli. Siku ya sherehe, wakati musaliti anaombwa kujitokeza, anasimama na kusema ni yeye njo alimutoa Kihika. Angenyamaza, mwingine angelipa.

Hakuna anayemupigia makofi. Watu wanatawanyika kimya, na wapiganaji wanakuja kumuhukumu pembeni. Ngugi hamupi Mugo musamaha. Anamupa kitu kimoja: kuacha kuishi na uongo.

Matunda yanaonekana kwa wengine. Gikonyo, bwana ya Mumbi, naye alikubali kiapo chake mbele ya Wazungu ili atoke kambini, na alikataa kusema na bibi yake juu ya mutoto aliyezaa na Karanja. Sasa anaanza kutafuta kupatana naye. Pale Thabai wengi walikuwa na kitu cha kuficha; Mugo njo alilipa bei yote.