Mtu Ambaye Hakuwahi Kufika Jinja

Kuna mchezo unaitwa jiokeshi. Mtu anaficha kijisanduku, anatangaza tarakimu za mahali pale, nawe unakitafuta kwa simu. Ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zinazotumiwa na raia. Aina nyingine haina kijisanduku: unafika, unajibu swali, basi.

Nilipopata safari ya mashariki, rafiki yangu wa shirika moja alinipa nukta mbili. Swali la Jinja lilikuwa: “Mtu huyu alifika hapa mwaka gani?”

Simu ikanifikisha kwenye chanzo cha Nile. Ng'ambo ya mto kuna mnara wa Speke, Mwingereza aliyefika 1862. Nikasema, kumbe rahisi! Lakini nukta ilikuwa upande huu, mbele ya sanamu ya shaba ya Gandhi. Eh, Gandhi na Busoga wapi na wapi?

Gandhi hakuwahi kukanyaga Uganda. Mwaka 1893 meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar ikielekea kusini, hakuja bara. Aliuawa Delhi Januari 1948. Majivu yake yakagawanywa kwenye mito mingi, na mwaka huohuo sehemu yake ikamwagwa hapa, kwa sababu Jinja ilikuwa na Wahindi wengi, wenye maduka na viwanda. Waliona mto huu nao ni wao.

Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka ya Main Street yakabaki na miaka ya kujengwa kwake imeandikwa juu ukutani, wenyewe hawapo. Waliruhusiwa kurudi baadaye, na 1997 waziri mkuu wa India, Gujral, akazindua sanamu hii. Kwa hiyo jibu ni 1948, akiwa majivu.

Nikapanda teksi, Iganga, halafu barabara ya Tirinyi hadi Mbale, chini ya mlima Wanale. Swali la pili: “Nani alianzisha mji huu na si wa hapa?” Nukta ilikuwa kaburi la Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari kutoka Buganda, aliyewatekea Waingereza nchi hii ya mashariki. Wenyeji hawakumwita, na wapo ambao hadi leo hawamsifu. Waingereza nao wakampunguzia madaraka. Mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi, na wafuasi wake, Abayudaya, wapo mpaka leo. Alifariki 1928, akazikwa hukuhuku.

Nilikaa pale muda mrefu. Baba yangu amezikwa kambini, na kila mwaka ndugu zangu wananiuliza lini tutampeleka nyumbani. Nimekuwa nikijibu “tukirudi”, kama vile kaburi lake lipo kwenye foleni pamoja nasi. Lakini hapa amelala Mganda kwenye nchi ya Wagisu, na kule Jinja Mhindi amekwenda na maji mpaka Misri. Hakuna anayewaandikia fomu.

Niliporudi nilimpa rafiki yangu majibu yote mawili. Akasema nimeshinda. Nikamwomba tarakimu za kaburi la baba. Tulikwenda wote na simu yake, tukaziandika kwenye daftari, nikawatumia ndugu zangu. Sasa hata wakija nisipokuwepo, watamkuta.