Njia ya Polio Chini ya Eastleigh

Kariokor, Nairobi, bado inabeba jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukitoka hapo, ukapita Pumwani na Majengo, utatokea Eastleigh. Njia hiyo nimeitembea nikikagua vifuniko vya mitaro ya maji taka, kwa sababu historia ninayoifuata ilipita chini yake.

Tarehe 21 Machi 2018 maji taka yalichotwa Eastleigh kwa uchunguzi. Yakakutwa na virusi vya polio vya aina ya pili, vyenye nasaba na vile vilivyokuwa vimepatikana Mogadishu. Kenya nzima hakuna mtoto aliyekuwa amepooza kwa virusi hivyo. Mtaro ulitoa habari kabla ya hospitali, na kwangu hiyo ni kazi kubwa ya watu wachache wasiojulikana, wanaoinamia uvundo wakiwa na chupa na kisanduku cha barafu.

Virusi vya polio huingia kwa mdomo, huzaana tumboni na kutoka na choo. Kwa takriban mtu mmoja kati ya 200 walioambukizwa, hufika kwenye uti wa mgongo na kuua seli za neva zinazoamrisha misuli. Mguu hulegea ghafla. Seli zilizokufa hazirudi.

Vya Eastleigh vilitokana na virusi dhaifu vya chanjo ya matone. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo hupokezanwa kwa muda mrefu, vikabadilika na kurudisha makali. Aprili 2016 dunia iliondoa aina ya pili kwenye matone, na waliozaliwa baadaye wakakosa kinga hiyo. Kwa hiyo kosa si tone alilopewa mtoto wa jirani. Kosa ni milango iliyorukwa na wachanjaji.

Agosti 2020 Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili. Lakini mwaka 2024 virusi vilivyotokana na chanjo vilionekana tena kwenye maji taka ya Kamukunji, eneo lenye Eastleigh, na kwa watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Oktoba wachanjaji wakarudi mlango kwa mlango katika kaunti tisa, Nairobi ikiwemo.

Mzazi wa Eastlands, mtoto wako akilegea mkono au mguu ghafla, usingoje wala usimkande. Mpeleke kliniki siku hiyohiyo, uombe choo chake kipimwe polio: sampuli mbili, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee.