Simama hapo nikupige picha!

Juzi nilikuwa kazini, nikamwomba mama muuza vitumbua ageuze tena vile alivyokwisha kugeuza, maana mara ya kwanza nilichelewa kubonyeza. Akacheka, akageuza. Picha ikatoka safi kweli. Ila njia nzima nilijiuliza: hivi ile ni picha ya mtaani, au ni maigizo?

Kumbe swali lenyewe ni la kale. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliipiga picha Boulevard du Temple, barabara ya Paris iliyojaa watu na magari ya farasi. Lakini pichani barabara ni tupu! Sahani yake ilihitaji mwanga kwa dakika kadhaa, hivyo waliokuwa wakitembea wote wakafutika. Anayeonekana vizuri ni bwana mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Asiyesimama hakuonekana.

Basi wapiga picha wakaanza kuwasimamisha watu. Mwaka 1851, Paris hiyohiyo, Charles Nègre aliwapiga wasafisha mabomba ya moshi watatu kando ya mto Seine. Ukiwatazama utaapa wanatembea. Wapi! Wamepangwa, wametulia tuli. Hapo simlaumu, kamera za enzi zile zilimbana.

Mambo yakawa mazito zaidi picha zilipoingia vitabuni. Mashine za uchapaji hazikuweza kuchapa picha pamoja na maandishi, kwa hiyo fundi aliinakili kwanza kwa kuichonga kwenye ubao. Kitabu cha mwandishi wa habari Henry Mayhew kuhusu wachuuzi na maskini wa London kilikuwa na michoro mingi ya namna hiyo, iliyotokana na picha za Richard Beard. Mchuuzi alipigwa picha studio, kisha mchongaji akamchorea mtaa nyuma yake. Chini imeandikwa kwamba imetoka kwenye picha ya Beard. Nani angebisha?

Kisha miaka ya 1870 Thomas Barnardo, aliyelea watoto maskini London, akauza kadi za picha mbilimbili: mtoto akiwa na matambara, halafu mtoto huyohuyo akiwa nadhifu. Msichana mmoja alionyeshwa akiuza magazeti, kazi ambayo hakuwa akiifanya. Mwaka 1877 wasuluhishi walimsafisha Barnardo kwa tuhuma nyingi, lakini picha hizo walizikemea. Fedha zilichangwa kwa lengo jema, sawa. Ila yule msichana alibaki na sura ya maisha yasiyo yake.

Nadhani tofauti iko hapo. Nègre alisimamisha miguu ya watu waliokuwa wasafisha moshi kweli. Kadi zilimpa mtoto maisha mengine.

Mama yangu wa vitumbua anauza vitumbua kweli, hilo linanipa nafuu. Hata hivyo nimeamua: nikimwomba mtu arudie, nitaandika hivyo chini ya picha. Wewe ungefanyaje?