Sabuni Isiyo na Damu

Mimi sili nyama, na hapa Nansio nikienda dukani kununua mche wa sabuni huuliza kwanza umepikwa kwa mafuta gani. Kwa karne nyingi kaskazini ya Ulaya ilipika sabuni kwa shahamu ya ng'ombe na kondoo. Mimi huridhika na ya mawese ya Kigoma.

Hata hivyo, historia hainiruhusu kujisifu. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianzisha sabuni ya Sunlight, iliyotegemea zaidi mafuta ya mimea. Mwaka 1911 Wabelgiji walimpa maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo. Wanaume walishurutishwa kukwea michikichi na kukata mikungu kwa ujira duni. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, na mamia yao wakauawa.

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Ni jambo jema. Lakini ndugu msomaji, ukiuliza kama mnyama aliumizwa, uliza pia aliyekwea mchikichi alilipwa nini.