Chuki dhidi ya Wayahudi: neno na kisima

Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, kumechimbwa visima virefu vinavyoupa mji maji. Mtu wa huku ukimwambia fulani katia sumu kisimani, hahitaji kuelezwa uzito wa tuhuma hiyo. Tauni ilipoenea Ulaya, Wayahudi walisingiziwa hivyo hivyo, na tarehe 14 Februari 1349 mamia yao walichomwa moto mjini Strasbourg, kabla hata ugonjwa wenyewe haujafika mjini humo.

Kiswahili huyaita mambo haya chuki dhidi ya Wayahudi. Neno la Ulaya, ambalo tungelitohoa kuwa antisemitizimu, lilienezwa mwaka 1879 na Mjerumani Wilhelm Marr, aliyeunda chama cha kuwapinga Wayahudi. Semiti ni jina la jamii ya lugha: Kiarabu, Kiebrania, Kiamhari. Msomaji wa Singida analielewa upesi, maana mkoani kwake na jirani Kinyaturu ni Kibantu, Kiiraqw ni Kikushi na Kidatoga ni Kiniloti. Marr hakuwa na ugomvi na Kiamhari. Alitaka chuki kongwe ya dini ivikwe joho la sayansi ya mbari, na jina la lugha likamfaa.

Kwa hiyo nashikilia tafsiri yetu isibadilishwe na utohozi. Inamtaja anayelengwa. Leon Pinsker, daktari Myahudi wa Odessa, alipopaza sauti mwaka 1882 baada ya Wayahudi kushambuliwa na kuporwa nchini Urusi, alichagua neno lenye maana ya hofu ya Wayahudi, akalieleza kama maradhi yanayorithishwa kizazi hadi kizazi. Naye aliwataja Wayahudi waziwazi.

Hata hivyo neno chuki pekee halitoshi. Chuki hukaa moyoni, nayo huweza kupoa. Habari ya kisima hubebwa hata na asiyewahi kumwona Myahudi, akaisimulia bila hasira yoyote. Ningependa tuseme chuki na masingizio dhidi ya Wayahudi. Ni ndefu, lakini inafika kwenye jambo lenyewe.

Nasi Afrika Mashariki tumeliona. Septemba 1972 Idi Amin, rais wa Uganda, alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Chini ya utawala wake Abayudaya wa Mbale, waumini wa dini ya Kiyahudi iliyoanzishwa kwao na Semei Kakungulu mwaka 1919, walikatazwa ibada. Wengi waliiacha, wachache walisali kwa siri hadi Amin alipoanguka mwaka 1979. Abayudaya ni Wayahudi kwa Kiganda, na hilo ndilo jina walilojiita wenyewe. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, akaingia bungeni Kampala akijulikana kwa jina hilo hilo la Myahudi.